Kiporo cha bata mzinga kwenye jani la mgomba: namna ya kupata tamale laini

Swali: Ninaishi Houston. Baada ya Sikukuu ya Shukrani tumebakiwa na bata mzinga: minofu kama kilo moja, nyingi ya kidari, pamoja na mifupa yote. Duka la Wameksiko hapa mtaani linauza majani ya mgomba ya kugandishwa, nikaona nifunge tamale, yale madonge ya unga wa mahindi yenye nyama ndani yanayofungwa kwenye jani na kupikwa kwa mvuke. Mwaka jana nilijaribu, lakini nyama ilikuwa kavu haimezeki, unga uling'ang'ania jani, na majani yenyewe yalipasuka mkononi. Nyumbani hatuli nguruwe. Nimekosea wapi? Na je, naweza kutumia sembe?

Jibu: Dada, kwanza hesabu siku. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri kuku au bata mzinga aliyekwisha kupikwa aliwe ndani ya siku tatu hadi nne akiwa frijini, na aingie humo kabla ya saa mbili kupita tangu atoke motoni. Sikukuu huwa Alhamisi, basi tamale zifungwe Jumamosi au Jumapili. Minofu iliyokaa mezani tangu mchana hadi usiku itupe hata kama hainuki. Kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo mvuke wa saa nzima hauivunji.

Ukishavuka hapo, weka minofu pembeni na ushike mifupa. Wengi wanaopika tamale za kiporo huanzia kwenye nyama, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kidari kilichokwisha kuchomwa kwenye oveni kimeshatoa maji yake, na kukipika tena hakuyarudishi. Unachoweza kufanya ni kukizungushia unyevu na mafuta ya ndege yuleyule: supu ya mifupa iingie kwenye donge la unga na kwenye rojo ya pilipili, mafuta yake yaingie kwenye donge. Nyama ije mwisho, tena kidogo kuliko unavyodhani.

Vunja mifupa kwenye viungo, uitie kwenye sufuria na maji lita mbili na nusu, kitunguu maji kimoja kilichokatwa vipande viwili na punje nne za saumu. Usitie chumvi. Kama ndege alipakwa rozmari au seji, mbandue ngozi yenye majani hayo kwanza, kwa sababu harufu ya seji hugombana na pilipili za Meksiko na itashinda. Acha supu ichemke polepole, viputo vichache tu juu, kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Ukiwa na presha kuka, saa moja inatosha. Chuja, poza haraka kwa kukalisha sufuria ndani ya beseni la maji ya barafu, kisha weka frijini usiku kucha. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu na supu chini imekuwa mgando unaotikisika. Engua mafuta uyahifadhi, usiyatupe hata kijiko. Ule mgando ni jelatini iliyotoka kwenye gegedu na ngozi, na ndiyo itakayoifanya nyama kavu iteleze mdomoni. Ukipata supu lita moja na nusu uko salama: mililita 850 za donge, 400 za rojo, na akiba kidogo ya kulainishia.

Sasa sembe. Jibu ni hapana, si hivihivi ilivyo. Unga wa tamale hutokana na mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Kwa kilo moja ya mahindi makavu hutiwa gramu 10 hivi za chokaa safi ya chakula na maji lita tatu, yakachemka taratibu kwa nusu saa au zaidi kidogo, yakalala humohumo usiku kucha, kisha yakaoshwa na kusagwa yakiwa na unyevu. Chokaa hulegeza ganda likatoka, na kalsiamu yake huupa unga uwezo wa kushikana bila ngano. Njia hiyohiyo ndiyo inayofungua vitamini B3 iliyojifungia ndani ya punje. Mahindi yaliposafiri kwenda Ulaya na kwingineko bila chokaa yake, watu maskini walioyategemea peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa na kusagwa makavu, hayajaonja chokaa. Ukiikanda na supu na kuifunga kwenye jani utapata kitu cha chengachenga kinachomeguka ukikigusa. Dona hali ni ileile.

Kwa aliye Houston hilo si tatizo, kwani masa harina, yaani unga mkavu wa mahindi yaliyopitia chokaa, imejaa madukani. Chukua mfuko wa Maseca ulioandikwa kuwa ni wa tamale, ambao unga wake una chenga kubwa kidogo. Ule wa tortilla, chapati nyembamba za mahindi, nao unafaa, ila donge litakuwa laini zaidi. Viwanda vidogo vya tortilla huuza pia masa mbichi, yaani donge la mahindi hayo lililokwisha kusagwa, na hapo uwe makini: iliyoitwa *preparada* mara nyingi imeshachanganywa na mafuta ya nguruwe. Omba *sin preparar*, yaani isiyochanganywa, na uulize tena kabla ya kulipa. Rojo za kopo, pamoja na mole, ile rojo nzito ya pilipili na viungo, nazo soma lebo.

Msomaji wa Mombasa au Tanga anayetaka kuanza na mahindi meupe anaweza, mradi apate chokaa ya chakula. Chokaa ya tambuu ni kemikali ileile, lakini ya sokoni huweza kuwa na rangi, manukato au uchafu, kwa hiyo isitumike bila kujua ilikotoka. Ya kujengea isiguswe kabisa. Magadi yatalainisha ganda, lakini ni ya sodiamu, hayana kalsiamu. Donge halitashikana vilevile, na ladha ya sabuni hubaki.

Kuhusu nguruwe usiwe na wasiwasi wowote kwamba unaiharibu tamale. Kabla ya Wahispania kufika hakukuwa na nguruwe Meksiko, na tamale zilikuwa zikiliwa karne nyingi. Bata mzinga, kwa upande wake, ni ndege aliyefugwa hukohuko Meksiko tangu kale, na mpaka leo watu wa jimbo la Oaxaca humpika kwa mole kwenye harusi na sikukuu. Mgeni hapa ni mgomba. Ulifika Karibi mwaka 1516, ukiletwa kutoka visiwa vya Kanari na padri Tomás de Berlanga, kisha ukaenea bara. Kwenye joto la Oaxaca, Veracruz, Yucatán na Amerika ya Kati jani lake likashika nafasi ambayo nyanda za juu waliachia maganda ya mahindi. Hii ina maana kwa upishi wako: tamale ya jani la mgomba ni bapa, na donge lake huwa na maji na ulaini kuliko ile ya ganda la mhindi. Maelezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya ganda la mhindi yatakupa donge gumu mno kwa jani. Nadhani hilo nalo lilikupata mwaka jana.

Vipimo vifuatavyo ni vya nusu kilo ya minofu, na hutoa tamale 15 au 16. Una kilo nzima. Zidisha mara mbili kama una sufuria kubwa na mikono ya kusaidia, la sivyo igandishe nusu ya nyama leo.

Donge linahitaji masa harina gramu 480, supu ya vuguvugu mililita 850, mafuta gramu 180, beking pauda vijiko vya chai viwili na chumvi vijiko vya chai viwili. Kama bata mzinga alilowekwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuchomwa, supu imeshabeba chumvi, hivyo anza na kijiko kimoja. Mafuta ya ndege peke yake ni mepesi, hayashiki hewa unapoyapiga. Kwa hiyo changanya gramu 100 za mafuta ya mgando ya mimea na gramu 80 za yale uliyoengua. Samli inafaa badala ya mafuta ya mgando, ila harufu yake ni nzito. Tumia nusu samli, nusu mafuta ya mimea.

Changanya unga na mililita 700 za supu, funika, uache dakika 30. Usiruke hatua hii. Unga wa masa hunywa maji polepole. Ukiupima mapema utaona umelegea, utaongeza unga, na tamale zitatoka ngumu. Wakati huo piga mafuta ya mgando pamoja na chumvi na beking pauda kwa mashine dakika tano, mpaka yawe meupe na yaumuke. Tia donge la unga humo kidogokidogo ukiendelea kupiga, kisha yale mafuta ya ndege, kisha supu iliyobaki. Supu iwe ya vuguvugu tu, kidole kivumilie bila shida. Ikiwa moto itayeyusha mafuta, hewa yote uliyoipiga itatoka, na tamale zitakuwa nzito zenye kutoa mafuta pembeni. Donge liko tayari ukiinua mwiko nalo likabaki limening'inia sekunde mbili tatu kabla ya kudondoka. Lionje: liwe na chumvi kidogo kuzidi unavyopenda, maana mvuke hupunguza makali.

Kuna jaribio maarufu la kudondosha kidonge cha donge kwenye glasi ya maji baridi kuona kama kinaelea. Kwa donge la ganda la mhindi lina maana. Kwa donge hili lenye maji mengi, kikizama polepole si kosa, endelea tu.

Rojo ndiyo sehemu yenye ladha yote, kwa hiyo ipe muda. Pilipili kavu za guajillo nane na za ancho tatu, ukate vikonyo, utoe mbegu na nyuzi za ndani. Kaanga bila mafuta kwenye chuma cha moto wa wastani, sekunde 20 hadi 30 kila upande, mpaka zinukie na ngozi ibadilike rangi kidogo. Zikitoa moshi mkali na kuwa nyeusi, zitupe uanze upya, kwa sababu uchungu wake hauondoki kwa sukari wala kwa kuchemsha. Loweka kwenye maji ya moto dakika 20, mwaga maji hayo, kisha saga kwenye blenda pamoja na nyanya gramu 300 zilizobabuliwa, nusu kitunguu, punje nne za saumu, karafuu mbili, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, kipande kidogo cha mdalasini, kijiko cha chai cha oregano na supu mililita 200. Chuja. Ngozi za guajillo hazisagiki zote, na hukwaruza koo. Pasha vijiko viwili vya mafuta, mimina rojo, uikaange ukikoroga dakika nane hadi kumi mpaka rangi ikolee na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Ongeza supu mililita 200 zilizobaki, iache ikauke mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi kwa muda kabla ya kujifunga. Rojo nyepesi itapenya kwenye donge, nalo halitaiva hapo katikati.

Guajillo na ancho si kali. Asiyezipata atumie pilipili kavu za Kashmir kutoka duka la Kihindi, zina rangi na ukali mdogo. Pilipili kichaa haiwezi kujaza nafasi hiyo. Ukitia nyingi hakuna atakayekula, na ukitia moja utakosa mwili wa rojo. Mwenye haraka atumie mole ya Oaxaca ya pakiti: gramu 200 na supu mililita 400, ichemke mpaka iwe nzito. Njia ya Yucatán ni vijiko viwili vikubwa vya recado rojo, yaani kiungo chekundu cha mbegu za achiote, ndani ya supu na juisi ya chungwa chungu au ndimu.

Minofu inyambue kwa mkono kufuata nyuzi zake, vipande vinene vya kidole kidogo na urefu wa sentimeta tano hivi. Usiikate kwa kisu kuvuka nyuzi, wala usiinyambue ikawa nyuzinyuzi nyembamba, kwani nyembamba ndizo zinazokauka na kuganda meno. Changanya kidari na nyama ya paja na mgongo kadiri ulivyo nayo. Paja lina mafuta na jelatini, na linakibeba kidari. Epua rojo, ndipo utie nyama na kuigeuza ipakae. Usiichemshe humo, itapikwa saa nzima kwenye mvuke. Acha ipoe, maana rojo ya moto huyeyusha donge unapofunga.

Tuje kwenye majani. Nunua pakiti mbili, mengine huwa yamechanika tangu kiwandani. Yahamishe kutoka friza kwenda frijini usiku, au yaache juu ya meza yalegee bila kuyakunjua. Jani lililoganda likikunjuliwa linavunjika. Fungua polepole, futa pande zote mbili kwa kitambaa chenye maji, ondoa uti wa katikati kwa mkasi, kisha kata vipande vya sentimeta 30 kwa 25. Nyuti na mabaki usitupe.

Halafu yababue, hata kama yalikuwa ya kugandishwa. Pitisha kila kipande juu ya moto wa gesi au chuma cha moto, ukikisogeza bila kusimama. Utaona kijani kilichofifia kikigeuka kuwa kijani cha kung'aa kama mtu aliyekipaka mafuta, na mstari wa mng'ao unafuata moto unavyosogea. Ni nta ya jani inayoyeyuka na nyuzi zinazolegea. Kipande kilichokwisha kubadilika chote hukunjika bila kulia. Pale ambapo rangi haijabadilika ndipo patakapopasuka. Likigeuka kahawia umechelewa. Wapikaji wa luwombo wa Uganda, kitoweo kinachopikwa ndani ya jani la mgomba, wataitambua hatua hii bila kufundishwa. Jani lenye mpasuko lisikusumbue. Weka kiraka cha jani jingine ndani, mishipa yake ikikatisha ile ya jani la nje, kwa maana jani la mgomba huchanika kufuata mishipa.

Paka jani mafuta kidogo sana. Weka donge gramu 100, kama vijiko vinne vilivyojaa, katikati, ulitandaze liwe mstatili wa sentimeta 15 kwa 12, unene wa nusu sentimeta. Juu ya mstari wa katikati panga nyama yenye rojo, kama vijiko viwili. Ongezeko la nyama ndilo linalofanya donge lisifungike. Kunja upande wa kulia wa jani ili nusu ya donge ifunike nyama, lirudishe jani, fanya vivyo hivyo kushoto mpaka kingo mbili za donge zikutane. Sasa funga jani lenyewe, upande juu ya upande, na ncha mbili zilizobaki zikunjwe kwenda chini. Fungia kwa uzi wa pamba au kwa utepe wa jani wa upana wa sentimeta moja. Lilegee kidogo, donge litaumuka.

Sufuria iwe na sahani ya matundu juu ya maji ya kina cha sentimeta tano hivi, na maji yanayochemka yasifike kwenye matundu. Tumbukiza sarafu safi majini: ikigongagonga maji yapo, ikinyamaza ongeza, tena maji yanayochemka, si ya bomba. Tandika nyuti na mabaki ya majani, panga tamale zikilala kwa kupishana ili mvuke upite, mshono juu. Funika kwa majani mengine, kisha taulo safi ya jikoni, kisha kifuniko. Taulo hunywa matone yanayodondoka kutoka kwenye kifuniko, na matone hayo ndiyo sababu ya kawaida ya tamale za juu kuwa na maji.

Hesabu dakika 60 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu, na usifunue dakika 40 za mwanzo. Houston iko karibu na usawa wa bahari, saa moja inatosha. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo ongeza dakika 15. Toa moja, iache ipumzike dakika kumi, ndipo uifungue. Donge likiachia jani lenyewe bila kubakiza utando, zimeiva. Likinata, ifunge uirudishe, uzipe zote dakika 20. Ukiifungua papo hapo ikiwa na mvuke itanata hata kama imeiva, kwa sababu wanga huhitaji kupoa kidogo ndipo ushike. Huenda tamale zako za mwaka jana zilikuwa zimeiva, ukazifungua mapema tu. Ukizima moto, ziache humohumo sufuriani dakika 15 hadi 20 kifuniko kikiwa wazi kidogo.

Zile mtakazokula leo na kesho ziwekeni frijini. Nyama hii imeshapikwa mara mbili, usiisogeze siku nne nyingine. Zilizobaki zipoze, zigandishe na majani yake kwenye mfuko usioingiza hewa, na mzile ndani ya miezi mitatu. Kupasha, zitoke friza moja kwa moja hadi kwenye mvuke dakika 25 hadi 30, mpaka katikati pafike nyuzi 74. Usiziyeyushe kwanza, donge litachuruzika maji. Kwa maikrowevu, moja iliyolala frijini izungushie karatasi ya jikoni yenye maji, ikiwa bado ndani ya jani, dakika mbili, uigeuze katikati. Iliyobaki siku ya pili inakubali pia kukaangwa: ifunue, ikate vipande vinene, uviweke kwenye kikaango chenye mafuta kidogo bila kuvigeuzageuza, mpaka upande mmoja ufanye ukoko wa kahawia.